Maswali na Majibu: Sukari ya Ukoo

Safu iliyopita ilimzungumzia Charles Rotimi, Mnigeria aliyesomea biokemia Chuo Kikuu cha Benin kabla ya kwenda Marekani, ambako amefanya kazi katika Taasisi za Taifa za Afya (NIH). Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akichunguza jeni za magonjwa yaliyojaa kliniki zetu: kisukari, unene na ndugu zao. Barua zilizoletwa ni nyingi kuliko nafasi. Nimechagua zilizouliza jambo ambalo na wengine wameuliza, pamoja na chache zilizonikuna. Majina nimeyaacha, miji nimeibakiza.

Baba ana sukari, mama ana sukari, bibi mzaa mama alikatwa mguu kwa sukari. Mimi nina miaka 29. Nisubiri tu zamu yangu? (Msomaji, Morogoro)

Usisubiri. Kapime, kisha tuongee.

Makadirio yanayotajwa sana katika vitabu vya tiba ni kwamba mwenye mzazi mmoja aliye na kisukari cha aina ya pili ana uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kukipata maishani. Mwenye wazazi wawili, karibu asilimia 70. Namba hizo zimetoka zaidi Ulaya na Marekani, na zinatisha. Lakini zigeuze uzione upande wa pili: hata penye baba na mama wagonjwa, watatu katika kila kumi wanazeeka bila ugonjwa huo. Tena kwenye hiyo 70 si kila kitu ni jeni. Wazazi hawakukurithisha damu peke yake. Walikurithisha na sufuria, na saa za kula, na ile soda ya kila mgeni anayepiga hodi.

Upande wa jeni wenyewe, kisukari cha aina ya pili hakina jeni moja iliyokaa mahali ikikungoja. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2024, uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni 2.5, wagonjwa kati yao wakizidi 428,000, ulihesabu maeneo 611 kwenye vinasaba yanayohusika. Ichukulie kama michango ya harusi. Wapo mamia, wengi wanatoa kidogo kidogo, na hakuna mmoja ambaye bila yeye harusi inavunjika. Anayetoa zaidi kati ya jeni zilizoenea kwa watu wengi ni TCF7L2, iliyotambuliwa mwaka 2006 na watafiti wa kampuni ya deCODE ya Iceland. Hata huyo, nakala moja ya toleo lake baya (kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama) huongeza uwezekano wa kuugua kwa takriban asilimia 40 tu, na nakala mbili hukaribia kuuzidisha maradufu.

Sasa sikia sehemu inayokuhusu wewe wa miaka 29. Marekani kulikuwa na jaribio kubwa la kuzuia kisukari, lililotangaza matokeo yake mwaka 2002. Walichukua watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafika kuwa ugonjwa. Kundi moja lilipewa metformini, dawa ya kisukari. Jingine lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki. La tatu lilipewa vidonge visivyo na dawa. Waliotembea na kupungua, visa vipya vya kisukari vilishuka kwa asilimia 58. Waliokunywa metformini, asilimia 31.

Baadaye wakapima TCF7L2 kwenye damu ya watu haohao. Katika kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa, wenye nakala mbili mbaya waliugua kwa kasi ya karibu mara 1.8 ya wasio nazo. Katika kundi la waliotembea na kupungua, tofauti hiyo ilikuwa imefifia kiasi cha kutoonekana kitakwimu. Jeni walikuwa nazo vilevile.

Kwa hiyo: pima sukari ya asubuhi kabla hujala, pima kila mwaka, na kiuno chako kiangalie kabla hakijaanza kutangulia mlangoni.

Shikamoo mwalimu. Nimesikia kwamba watu wa Eldoret wamo kwenye utafiti wa Rotimi. Walikuwa wanatafuta nini? Na kama binadamu ni wamoja, kwa nini matokeo ya Wazungu yasitutoshe? (Mwanafunzi, Eldoret)

Marahaba. Ni kweli wamo. Utafiti wenyewe hufupishwa AADM. Ulianzia Nigeria na Ghana, kisha ukaingia Kenya, na kituo chake cha Kenya ni Eldoret. Mwaka 2019 kundi hilo, Adebowale Adeyemo na Rotimi wakiwa miongoni mwa viongozi wake, lilichapisha matokeo ya Waafrika 5,231, wagonjwa na wazima. TCF7L2 ilijitokeza tena, kumbe na huku ipo. Lakini ilijitokeza na jeni nyingine ambayo tafiti za Ulaya hazikuwa zimeiona: ZRANB3.

Kuona jina kwenye orodha ya kompyuta si kuthibitisha kitu, na hapo ndipo kazi yao inaponifurahisha. Walikwenda kwa wale samaki wadogo wa maabara wenye mistari kama ya pundamilia, ambao miili yao inaona ndani kama kioo, kiasi kwamba kongosho la mtoto wa samaki unaliona kwa darubini akiwa hai. Wakaizima jeni hiyo. Seli za beta, zile zinazotengeneza insulini, homoni ya kushusha sukari, zikapungua. Kwenye seli za panya, ilipopunguzwa nguvu, insulini iliyotoka nayo ikapungua. Hapo sasa unaweza kusema jeni hii ina kazi kwenye kongosho.

Swali lako la pili ndilo zito. Binadamu ni wamoja, lakini wengi wetu hatumo kwenye daftari. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu asilimia 78 ya watu wote waliokuwa wameshiriki tafiti za namna hii ni wa asili ya Ulaya. Wa asili ya Afrika walikuwa asilimia 2 hivi. Na Afrika ndiko binadamu walikokaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo vinasaba vyetu vina tofauti nyingi kuliko vya bara lolote na vimechanganywa vikachanganyika. Kwa mtafiti hiyo ni faida. Kwa Mzungu unaweza kukuta kipande kirefu cha vinasaba kinarithiwa kizimakizima, usijue ndani yake ni herufi ipi hasa yenye kosa. Kwa Mwafrika vipande ni vifupi, mshukiwa anabaki peke yake.

Kuna na mabadiliko ambayo kwingine hayapo kabisa. Mwaka 2017 kundi la Rotimi lilionyesha badiliko kwenye jeni SEMA4D, linalobebwa na takriban mtu 1 kati ya 100 miongoni mwa Waafrika Magharibi na Wamarekani Weusi. Wanaolibeba walikuwa wazito zaidi kwa wastani wa kilo 2.7 hivi. Ungepima London nzima ya Wazungu usingeliona.

Mimi ni muuguzi kliniki ya kisukari. Nina mgonjwa, mwanaume wa miaka 50, kidoleni anasoma 11, siku nyingine 12 asubuhi kabla ya kula. Kipimo cha miezi mitatu kinarudi 5.9. Daktari anasema mashine ya kidoleni mbovu. Tumebadilisha mashine, bado. (Muuguzi, Tanga)

Hili ndilo swali bora kuliko yote yaliyonifikia. Dada, au kaka, usiitupe bado hiyo mashine.

Kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, hakipimi sukari moja kwa moja. Kinapima ni kiasi gani cha sukari kimenata kwenye himoglobini, iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi, ndiyo maana tunasema miezi mitatu. Kipimo kizima kimesimama juu ya dhana kwamba chembe zako zinaishi umri huo. Kama zinakufa mapema, hazipati muda wa kunatwa na sukari, na jibu linatoka zuri wakati mwenye damu anaungua.

Na nani chembe zake hufa mapema? Kwanza, wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Ni badiliko lililoenea kwetu hasa ukanda wa malaria, pwani ikiwemo, kwa sababu lilitukinga na malaria kali. Jeni yake ipo kwenye kromosomu X, kwa hiyo mwanaume akiwa nayo moja inatosha. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 uliona kwamba wanaume wenye badiliko la G6PD la Kiafrika HbA1c yao husoma chini kwa takriban 0.8. Yaani aliyestahili kusoma 6.8, ambayo ni kisukari, anarudishiwa karatasi ya 6.0 na kuambiwa yuko salama. Watafiti hao walikadiria kwamba Marekani peke yake, kama kila mtu angepimwa kwa HbA1c tu, Wamarekani Weusi wapatao 650,000 wenye kisukari wangeachwa bila kugunduliwa.

Pili, wanaobeba selimundu bila kuugua. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha HbA1c yao iko chini kwa karibu 0.3 kuliko ya wenzao wenye sukari ileile. Tatu, thalasemia ya alfa, hitilafu ya kurithi ya himoglobini. Hii imeonekana hapa jirani, kwenye vinasaba vya watu wa Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda, ambako jamii imekuwa ikifuatiliwa tangu 1989. Kazi hiyo ilitoka 2019 ikiwa na watu 6,400 na Segun Fatumo, Mnigeria aliyekuwa akifanya kazi Entebbe, ni mmoja wa walioiongoza. Waliokosa kipande fulani cha jeni za himoglobini walikuwa na HbA1c tofauti na wenzao.

Upungufu wa madini ya chuma hufanya kinyume, huipandisha HbA1c, kwa hiyo mama mjamzito mwenye damu kidogo naye anaweza kupotoshwa na karatasi hiyohiyo.

Fanya hivi. Mpime sukari ya asubuhi kwa damu ya mshipa, maabara, si kidoleni. Ikifika 7.0 au zaidi mara mbili, ni kisukari, HbA1c iseme itakavyo. Kama maabara yenu ina kipimo cha fruktosamini, hicho hakitegemei umri wa chembe nyekundu. Muulizeni pia kama aliwahi kukojoa mkojo mweusi kama kokakola baada ya kumeza dawa. Hiyo ni dalili ya G6PD ambayo wagonjwa wengi wanaikumbuka lakini hakuna aliyewahi kuwauliza. Na mgonjwa huyo asifuatiliwe tena kwa HbA1c pekee, maana itaendelea kumsifia.

Daktari wako simlaumu. HbA1c ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa kugundua kisukari mwaka 2011, na mipaka yake imewekwa zaidi kwa damu za watu wasiojua malaria ni nini.

Sisi tulipokuwa wadogo tulikula wali wa nazi, mihogo na halua, na sukari hatukuisikia. Siku hizi kila nyumba. Jeni zetu zimebadilika? (Mzee, Unguja)

Shikamoo mzee. Jeni hazibadiliki kwa kasi hiyo. Hazijabadilika.

Ushahidi wetu wenyewe tunao. Miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walizunguka vijiji sita vya Tanzania, Kilimanjaro, Morogoro na Mara, wakawapima watu zaidi ya 6,000 wa miaka 15 na kuendelea. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika asilimia 1. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1 wana sukari ya juu. Umri wa waliopimwa na namna ya kupima havifanani, kwa hiyo tusilinganishe namba kwa namba. Lakini hata ukitoa posho ya kutosha, hilo ni ongezeko ndani ya miaka isiyozidi thelathini. Watoto wa wale waliopimwa kijijini ndio wanaopimwa leo, na jeni zao ni zilezile za wazazi wao.

Mfano mwingine ni wa Wapima. Hawa ni watu wa asili ya Amerika, ukoo mmoja uliogawanyika pande mbili za mpaka. Walio Arizona, Marekani, walinyang'anywa maji ya mto wao, kilimo kikafa, wakaanza kuishi kwa vyakula vya msaada na vya dukani. Walio Maycoba, milimani Mexico, waliendelea kulima kwa mkono. Ripoti ya mwaka 2006 ilikuta kisukari asilimia 38 kwa watu wazima wa Arizona, na asilimia 6.9 kwa wa Mexico.

Hao wa Mexico nao bado waliwazidi majirani zao wasio Wapima, waliokuwa na asilimia 2.6. Kwa hiyo jeni zina neno. Ila zilikuwepo kimya mpaka maisha yalipozipa nafasi. Kuna mtaalamu wa Michigan, James Neel, aliyependekeza mwaka 1962 kwamba babu zetu walionusurika njaa walituachia jeni bahili, zinazoweka akiba kila tonge. Nadharia tamu, imenukuliwa kila mahali, lakini jeni hizo bahili zimetafutwa na zilizopatikana ni chache mno kwa sifa iliyopewa. Mimi siitegemei.

Halua, mzee, ile ya zamani ililiwa sikukuu. Tena baada ya kutembea.

Mimi mwembamba, kilo 54, nalima. Kwa nini nina kisukari cha aina ya pili? Watu wanadhani nadanganya. (Mama, Bukoba)

Hudanganyi, na hauko peke yako. Madaktari wa Uganda na nchi jirani wamekuwa wakiandika kuhusu wagonjwa kama wewe. Kisukari huja kwa njia mbili: mwili kuikataa insulini, mara nyingi kwa sababu ya mafuta ya tumboni, au kongosho kutoa insulini kidogo. Vitabu vilivyoandikwa kwa wagonjwa wanene vinaongelea zaidi njia ya kwanza. Wewe huenda uko kwenye ya pili, na zile jeni nilizomtajia mwanafunzi wa Eldoret, TCF7L2 na ZRANB3, zote zinagusa kongosho.

Maana yake kliniki ni kwamba ushauri wa "punguza uzito" haukuhusu. Mwambie daktari hivyo bila woga, na muulize kama dawa yako imechaguliwa kwa kuzingatia wembamba wako. Ukianza kupungua kilo na kukojoa sana, usingoje tarehe ya kliniki.

Mjukuu wangu alipatikana na kisukari akiwa na miezi miwili. Anachomwa insulini mara nne kwa siku, hana hata mahali pa kuchoma. Ataishi hivi? (Bibi, Dodoma)

Bibi, shikamoo. Soma jibu hili na mama yake mtoto, mlipeleke kwa daktari wake.

Mtoto akipata kisukari kabla ya miezi sita, karibu kila mara si kile cha aina ya kwanza wanachopata watoto wakubwa. Huwa ni jeni moja iliyoharibika, na mara nyingi haikutoka kwa baba wala mama, imeanza kwake. Kwa hiyo kama kuna mtu pale nyumbani anamtafuta mchawi au anamnyooshea kidole mkwe, aache.

Mwaka 2004 Andrew Hattersley, daktari wa Exeter, Uingereza, na Anna Gloyn walionyesha kwamba karibu theluthi ya wagonjwa wa namna hii waliowachunguza wana kosa kwenye jeni KCNJ11. Jeni hiyo hutengeneza mlango mdogo wa potasiamu kwenye ukuta wa seli ya kongosho. Sukari ikipanda mlango unapaswa kufungwa, ndipo insulini itoke. Kwa wenye kosa hilo mlango haufungiki. Insulini imo ndani, imejaa, haitoki. Frances Ashcroft wa Oxford alikuwa ameuchunguza mlango huo tangu miaka ya 1980, kwa hiyo ilijulikana tayari kwamba kuna dawa inayoufunga: glibenklamidi, kidonge cha zamani, cha bei nafuu, ambacho wazee wengi wenye sukari wamewahi kukimeza. Mwaka 2006 walichapisha matokeo ya wagonjwa 49 waliojaribiwa kuhamishwa kutoka sindano kwenda vidonge vya kundi hilo. Walioacha insulini kabisa walikuwa 44.

Maabara ya Exeter imekuwa ikipima bure damu za watoto waliogunduliwa kabla ya miezi tisa, kutoka nchi yoyote. Daktari ndiye anayetuma sampuli. Mwombeni. Sindano zisiachwe hata siku moja kabla ya jibu kurudi, kwa sababu si kila mtoto ana kosa la KCNJ11, na asiye nalo akikosa insulini anakufa.

Nisiwaache na wazazi wa watoto wakubwa. Utafiti uliotoka mwaka 2025 uliwapima karibu vijana 900 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wakitibiwa kisukari cha aina ya kwanza. Takriban theluthi mbili hawakuwa na zile kingamwili zinazoutambulisha ugonjwa huo. Ni ugonjwa gani hasa wanaougua, hilo ndilo linalotafutwa sasa. Wao pia wasiache insulini.

Nimepimwa lehemu (kolesteroli), mbaya iko juu sana. Mke wangu anakula chipsi na kuku kila siku, yake iko chini. Haki iko wapi? (Dereva, Nakuru)

Kwenye ini. Lehemu mbaya, LDL, huondolewa kwenye damu na vipokezi vilivyo juu ya ini. Kuna protini iitwayo PCSK9 ambayo kazi yake ni kuviua vipokezi hivyo. Mwaka 2003 zilipatikana familia za Ufaransa ambazo PCSK9 yao ina nguvu kupita kiasi: lehemu juu, mioyo inakufa mapema. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakajiuliza kinyume chake, je, wapo watu ambao yao imeharibika? Wakaitafuta kwa watu wenye lehemu ya chini kabisa. Wakaipata kwa Wamarekani Weusi, asilimia 2.6 kwenye kundi walilochapisha mwaka 2006. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na magonjwa ya mishipa ya moyo yalipungua kwa asilimia 88 katika miaka 15 ya kufuatiliwa.

Mwaka uliofuata ikaripotiwa habari ya mama mmoja wa Zimbabwe, miaka 21. Nakala zote mbili za PCSK9 zilikuwa mbovu. LDL yake ilikuwa karibu 15, kwa kipimo ambacho wengi wetu tuko juu ya 100. Mzima, amezaa salama. Kampuni za dawa zilipoona mtu anaweza kuishi bila PCSK9 na asidhurike, zikapata ujasiri wa kuizuia kwa sindano, na sindano hizo ziliruhusiwa mwaka 2015.

Mkeo inawezekana ana bahati ya namna hiyo, ingawa chipsi zitamfikia kwa mlango mwingine. Wewe kama LDL yako inazidi 190, au 4.9 kwa kipimo kingine, na baba au kaka alianguka kwa moyo kabla ya miaka 55, muulize daktari kuhusu lehemu ya kurithi. Hupata takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 300, dawa za statini husaidia, na watoto wako wanapaswa kupimwa.

Kuna kampuni mtandaoni zinapima mate na kukutumia asilimia zako za kupata kisukari. Ninunue? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Asilimia hizo zimetengenezwa zaidi kwa vinasaba vya Wazungu, na mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba usahihi wake kwa watu wa asili ya Afrika ni chini kwa zaidi ya mara nne. Pima kiuno, presha na sukari ya asubuhi, chenji nunua viatu vya kutembelea.

Kwetu tunaoana mabinamu. Ndiyo inayoleta sukari? (Msomaji, Mombasa)

Kuoana mabinamu huongeza magonjwa yanayohitaji nakala mbili mbovu za jeni moja, kama selimundu na baadhi ya visukari adimu vya watoto. Kisukari cha aina ya pili kinahitaji jeni nyingi na kinawapata hata walioolewa mbali. Kabla ya harusi, pimeni selimundu kwanza.

Watafiti wanakuja, wanatoa damu, wanaondoka. Inakwenda wapi? Nani anafaidi? (Msomaji, Kampala)

Zamani ilikwenda kwenye friji za ng'ambo na jina la mwanakijiji halikuonekana tena. Rotimi ni mmoja wa waliosukuma mradi wa H3Africa, uliofadhiliwa na NIH na Wellcome, mfuko wa utafiti wa Uingereza, kuanzia 2012 hadi 2022, na moja ya misimamo yake ilikuwa kwamba sampuli zihifadhiwe Afrika. Hifadhi zilijengwa Makerere, Abuja na Johannesburg. Ukiombwa damu leo, uliza itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama unaweza kuiondoa. Fomu ya ridhaa inapaswa kujibu yote matatu kwa lugha unayoielewa.

Kufaidi ni hadithi nyingine. Zile sindano za PCSK9, ambazo damu ya Wamarekani Weusi na ya yule mama wa Zimbabwe ilizifungulia njia, zilipoingia sokoni Marekani mwaka 2015 ziliuzwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Baadaye zilishuka bei, lakini nenda duka la dawa la Harare uziulizie.

Itakuja dawa ya kubadili jeni tupone mara moja? (Kijana, Arusha)

Kwa lehemu, imeshaanza kujaribiwa. Mwaka 2022, New Zealand, mgonjwa wa kwanza alipewa dawa inayohariri PCSK9 ndani ya ini, dripu moja iliyokusudiwa kutosha maisha yote. Toleo hilo la kwanza lilisimamishwa 2024 baada ya vipimo vya damu vya mgonjwa mmoja kuleta wasiwasi, na toleo jingine likaendelea. Kwa kisukari cha aina ya pili, chenye maeneo 611, uanze kuhariri lipi?